Mzee Aliyekataa Kuzima Mashine

Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, hayo waulizeni wengine. Mimi nilimfahamu kwa miaka minne, kila siku ya kazi, na ninayotaka kusema juu yake ni ya chumba kimoja tu: chumba cha kompyuta cha hospitali ya misheni hapa Karatu, katika miaka hii ya themanini ambapo sukari ni ya foleni na watu wengi wa mji huu hawajawahi kuiona kompyuta hata kwenye picha. Hospitali nzima ilimwita Mzee wa Mashine. Nami nitamwita hivyo hivyo. Si kwa heshima. Nikiliandika jina lake nitafoka, na nina mtoto mgongoni, sitaki aamke.

Alikuwa mwembamba, mrefu, sweta la kahawia mwaka mzima, miwani imefungwa kwa uzi mweusi sikio moja. Vidole vyake vilikuwa vya mwalimu: kidole gumba na cha shahada vimekauka kwa chaki, ingawa alikuwa ameacha kufundisha zamani. Alistaafu shule ya msingi, hospitali ikamchukua awe karani wa kadi za wagonjwa. Wafadhili walipoleta kompyuta, Daktari aliuliza nani yuko tayari kwenda Nairobi wiki sita kujifunza kuiendesha. Vijana wakatazama chini. Mzee akanyoosha mkono. Hilo sitamnyang'anya: siku ile yeye peke yake hakuogopa.

Mashine yenyewe ilikuwa sanduku moja kubwa chumbani kwetu, na nyaya zilizokwenda kwenye skrini tatu: moja mezani kwangu, moja famasi, moja ofisini kwa Daktari. Kumbukumbu zote zilikuwa mle. Mama wa Endabash aliyejifungua, mtoto wa boma la Ngorongoro aliyechanjwa na gari la kliniki, oda za dawa za kila wodi. Mimi ndiye niliyeziingiza. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, najua taipu, najua Kiingereza cha kutosha, na nilikuwa nangoja nafasi ya chuo cha uuguzi. Chuo walinitaka nifanye kazi hospitalini kwanza, kisha nipeleke barua ya Daktari ya kuthibitisha mwenendo mwema. Barua hiyo ndiyo iliyonifanya niamke kila siku.

Mzee alikuwa na desturi zake, na ole wako uzivunje. Viatu vilibaki nje ya mlango. Viatu vya Daktari pia. Siku moja mgeni wa wafadhili aliingia na mabuti yake yenye tope jekundu, Mzee akasimama mbele ya mashine kama mtu anayezuia ng'ombe asiingie shambani, akamwambia kwa Kiingereza cha darasa la nane, neno moja moja, kwamba hapa ni kwa miguu mitupu. Mgeni akacheka, akavua. Kibodi aliisafisha kwa spiriti aliyoiomba chumba cha vidonda, mpaka Matroni akaja juu.

"Mzee, spiriti ni ya wagonjwa!"

"Na huyu akiugua, Matroni, utamtibu wewe?"

Mimi aliniita Fomu Foo. Hakuwa anasifia. Yeye na darasa lake la nane la mkoloni alikuwa na mashine, mimi na kidato changu nilikuwa na kiti cha mbao. "Fomu Foo, hebu nisaidie neno hili." Kisha nikishalitafsiri: "Enhe. Ndivyo nilivyodhani." Kila mara. Hata neno ambalo alikuwa amelitazama asubuhi nzima kwenye kamusi.

Lakini alikuwa na ukarimu ambao hadi leo sijaweza kuusahau. Paulina alipotimiza miezi mitatu nilirudi kazini bila mtu wa kumwachia. Mume wangu ni dereva kule juu kwenye hoteli ya ukingo wa kreta, alikuwa anashuka mara moja kwa mwezi. Nilikwenda kwa Mzee nikiwa nimejiandaa kuambiwa niache kazi. Aliingia stoo, akatoka na boksi lililoleta kompyuta, lile lenye mifuko ya sponji ndani, akalikata upande mmoja kwa kisu cha bahasha, akaliweka nyuma ya mashine, pale inapotoa hewa ya joto.

"Mlaze hapa. Hata wodi ya watoto hakuna joto la namna hii."

Nikamlaza. Nje ukungu na baridi ya mwezi wa sita, mtoto wangu analala kwa mvumo wa feni, mashavu yanang'aa kwa joto. Paulina alicheka kicheko chake cha kwanza mle. Mzee alikuwa wa kwanza kukisikia, akaniita kwa kunong'ona kana kwamba kelele ingekifukuza. Mtu aliyenifanyia hivyo ndiye aliyenifanyia yale mengine. Msiniulize nawezaje kuyaweka pamoja. Siwezi.

Mafundisho yake yalikuwa matatu na aliyarudia mpaka yakawa kama sala za hospitali. La kwanza: neno lako la siri ni lako peke yako. Alituita wote watatu tuliotumia skrini, mimi, Daktari, na Amsi wa famasi, akatusimamisha mbele ya ubao kama watoto wa shule.

"Hata mumeo asilijue. Hata mkeo."

Amsi alikuwa mtu wa mzaha, wa kupendwa, wa kuleta viazi vitamu vya kuchemsha kazini. Akasema, "Mke wangu nitamficha vipi, Mzee? Ananijua mpaka kovu la goti."

"Mkeo hajui hata unakoshinda Jumamosi, atajua neno la siri?"

Tulicheka, na Daktari akacheka.

La pili: mashine haina shangazi. Hilo lilikuwa neno lake mwenyewe. Muuguzi mmoja alikosea kipimo cha dawa, akaja kumlilia amfutie jina lake kwenye kumbukumbu. Mzee hakumfokea. Alimpa kiti, akammiminia chai, akasubiri amalize kulia, akamwambia, "Binti, mashine haina shangazi wa kumwendea. Imekuona, imekuandika. Jina likiwa pale, ni wewe." Habari hiyo ilizunguka hospitali nzima. Watu walimheshimu kwa hilo. Nami nilimheshimu.

La tatu: mashine haizimwi.

Hapo lazima nieleze, maana bila hapo huwezi kumwelewa. Mwezi ule wa kwanza, kabla sijaajiriwa, aliizima kama alivyofundishwa Nairobi, kwa utaratibu wote. Asubuhi ikakataa kuwaka. Ilikuwa msimu wa ukungu, ule unaoteremka kutoka Ngorongoro na kuingia mpaka kwenye shuka, na mashine iliyopoa ilikuwa imelowa ndani. Siku kumi na tisa ililala. Fundi alitoka Nairobi, akaikausha, akamwambia mbele ya Daktari na wauguzi kwamba mashine kama hii si ya kupewa mzee wa kijijini. Maneno hayo alinisimulia Matroni, Mzee mwenyewe hakuyasema kamwe. Tangu siku ile aliiunganisha na betri nne za lori, zikachajiwa kila jenereta ilipowashwa, na mashine haikuzimwa tena. Ikawa daima ya moto, daima kavu. Na hapo hakukosea, lazima niseme. Kwa unyevu wa huku kwetu alikuwa sahihi.

Kila asubuhi aliandika ubaoni idadi ya siku ambazo mashine haijazimwa. Mia tatu na nne. Mia tatu na tano. Wageni walionyeshwa ubao kabla ya kuonyeshwa mashine. Ilifika mahali nikiumwa au mtu akifa wodini, Mzee anaingia, anavua viatu, anafuta tarakimu ya jana, anaandika ya leo, ndipo anaamkia watu.

Kisha barua ikaja.

Ilikuwa bahasha nene, imefunguliwa njiani na kubandikwa tena kwa gundi, ndani disketi mbili na karatasi moja, kutoka kwa waliotengeneza programu zetu huko ng'ambo. Barua za Kiingereza nilizisoma mimi. Nikamsomea pale pale, namtafsiria sentensi kwa sentensi, Paulina amelala kwenye boksi.

Ilisema hivi. Ndani ya mashine iko programu moja iliyo chini ya nyingine zote, ambayo ndiyo inaamua nani afungue nini na nani asifungue. Sisi tuliiita kiini. Kwenye kiini hicho limeonekana tundu. Mtu yeyote anayeruhusiwa kukaa mbele ya skrini, akifuata hatua nne, anaweza kukifanya kiini kiamini kwamba yeye ni mtu mwingine. Bila neno la siri la mtu huyo. Akaandika, akafuta, akaagiza, na jina likabaki la mwenzake. Hatua zenyewe nne zilikuwa zimeorodheshwa ili msimamizi ajionee. Disketi mbili ni za kuziba tundu. Zimeni mashine, zipakieni, washeni. Msichelewe.

Mzee alisikia neno moja.

"Wameandika kuzima?"

"Ndiyo, Mzee. Kuzima, kupakia, kuwasha."

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Fomu Foo, toa kichwa dirishani."

Sikuhitaji kukitoa. Ulikuwa mwezi wa saba, geti la hospitali halionekani kwa ukungu.

"Ikipoa leo, haiwaki. Wamekaa huko kwao kwenye jua wanatuandikia tuzime. Ukungu ukiisha tutazima."

"Lakini Mzee, wanasema mtu anaweza kutumia jina la mwenzake."

"Nani? Wewe? Daktari? Amsi?" Akacheka. "Tuko watatu na mimi. Tunajuana."

Disketi akazitia kwenye droo. Barua akaikunja mara mbili, akaiweka chini ya chupa ya chai isiunguze meza. Niliiona siku hiyo na siku zilizofuata. Amsi alikuja kila saa nne kunywa chai na Mzee, na mara nyingi alifika kabla yetu, akakaa peke yake akingoja. Kiingereza anakijua vizuri kuliko mimi.

Ukungu uliisha. Nikamkumbusha. Akasema upepo umeanza, vumbi la mashamba ya ngano linaingia mpaka kwenye meno, akifungua mashine litaingia. Vumbi likatulia. Nikamkumbusha. Akasema betri moja imechoka, angoje mpya kutoka Arusha. Betri ikaja. Nikamkumbusha, na safari hii sauti yangu ilikuwa juu.

"Mzee, unaogopa."

Alinigeukia taratibu. Sijawahi kumwona uso ule. "Toa mtoto wako hapa kwenye chumba changu," alisema. Kisha, kabla sijamfikia Paulina, akasema, "Acha. Acha alale. Mvua zikipita nitazima. Usimwambie Daktari, atanipeleka puta na mvua hizi." Na mimi, mjinga, mwenye deni la boksi lile, nikanyamaza. Hapo kosa ni langu. Nalibeba.

Mvua zilipokaribia kwisha, mama mmoja jirani yetu alipasuliwa tumbo. Jina nitampa Mama Bura. Baada ya kupasuliwa, dawa kali ya maumivu, ile ya sindano inayofungiwa kwenye kabati la chuma, ikawa haipo. Alikaa siku mbili akiuma kanga. Kilio chake mimi mwenyewe nilikisikia kutoka chumba cha mashine. Matroni akaenda famasi kuuliza dawa imekwenda wapi. Amsi akafungua skrini yake akamwonyesha: oda tisa, zimeagizwa kwa ajili ya wodi, zimeingizwa kwa jina langu. Wodi haikuwa imepokea hata chupa moja.

"Mimi natoa kilichoandikwa," alisema Amsi. "Nilizikabidhi dirishani kwake mwenyewe."

Waliniita siku hiyo hiyo. Daktari, Matroni na Mchungaji upande mmoja wa meza, mimi upande mwingine na mtoto mgongoni, Amsi karibu na mlango, Mzee kwenye kiti cha pembeni na kofia magotini.

Nikasema sikuagiza. Nikasema oda ya tano imeandikwa siku ambayo nilikuwa kwenye maboma ya Ngorongoro na gari la kliniki, dereva yupo, muuguzi yupo, waulizwe. Mchungaji akasema kwa upole, upole ule unaouma kuliko kofi, "Basi ulimpa mtu neno lako la siri, mwanangu. Mtaje."

"Sikumpa mtu. Kuna tundu kwenye mashine. Barua ilikuja. Mzee anajua."

Wakamgeukia. Daktari akauliza wazi kabisa, kila mtu alisikia: "Mzee, inawezekana mtu mwingine aandike kwa jina la huyu mama bila neno lake la siri?"

Mzee alivua miwani. Akaifuta kwa pindo la sweta, kioo kimoja, kisha kingine. Feni ya ukutani ilikuwa haifanyi kazi, nasikia Paulina anavyopumua kwenye shingo yangu.

"Daktari," alisema, "mashine ile haijazimwa hata siku moja."

"Sikuuliza hilo, Mzee. Inawezekana?"

"Neno la siri ni la mtu mwenyewe. Ndivyo nilivyowafundisha."

"Na barua anayoitaja?"

Alivaa miwani. Hakunitazama. "Barua ni nyingi. Siikumbuki."

Nilikwenda mbio chumbani, bila kuvua viatu, nikainua chupa ya chai. Palikuwa na karatasi nyingine, kalenda ya zamani. Nikavuta droo. Imefungwa kwa ufunguo. Niliporudi Daktari alikuwa amesimama. Alisema kwa sababu ya mtoto hawatapeleka jambo polisi, lakini nisirudi kazini, na barua ya mwenendo mwema ya chuo asingeweza kuiandika. Nilimtazama Mzee. Alikuwa anageuza kofia yake, inazunguka, inazunguka. Mlangoni nilipompita nikamwambia, "Mashine haina shangazi, Mzee?" Simdai jibu. Nilitaka tu neno lake limchome.

Ninyi mnaosoma hamjui kuitwa mwizi wa dawa ya wagonjwa katika mji mdogo. Kisimani wanawake waliniachia nafasi, si ya heshima. Mama mkwe alianza kufunga kabati lake la vyombo. Mama Bura alipopona, tulikutana njiani, akasimama, akashika tumbo lake pale kwenye mshono, akanitazama, akaendelea na safari yake. Mume wangu aliniamini. Alisema kule hotelini wameshasikia, akasema tuvumilie, watu watasahau. Mimi sikutaka wasahau. Nilitaka wajue.

Miezi ikapita. Chuo cha uuguzi kikatangaza nafasi tena, majina mwisho wa mwezi, na barua ya mwenendo ni ile ile. Nilikuwa nimekaa uani napiga maharage kwa fimbo siku Mzee wa Mashine alipotokea kwenye njia ya miguu. Jua lilikuwa bado juu. Alitembea kutoka hospitali, mwendo wa nusu saa, sweta lake limejaa makapi ya majani. Paulina, aliyekuwa anajifunza kutembea, alimwendea moja kwa moja akashika suruali yake. Nikamvuta.

"Shikamoo," nilisema, kwa sababu nilifundishwa hivyo nyumbani.

"Marahaba, Mama Paulina." Hakusema Fomu Foo. "Nikae?"

"Sema ukiwa umesimama."

Alisimama. Alitazama maharage, akatazama paa, kisha akasema haraka, kama mtoto anayetaka fimbo ipite:

"Nimezipakia zile disketi."

Fimbo ilibaki mkononi mwangu.

"Betri zilikufa Jumatatu, zote pamoja. Ilizimika yenyewe, mbele ya macho yangu. Nikakaa nayo. Nikasema, basi, hakuna tena cha kulinda. Nikazipakia. Nikawasha."

"Ikawaka?"

"Ikawaka."

"Ilichukua muda gani?"

Akaanza kukung'uta makapi kwenye sweta.

"Mzee. Nimeuliza. Muda gani?"

"Dakika arobaini."

Sijui kama mnaelewa. Nilikuwa nimefikiri labda siku mbili, labda wiki, labda ingeua mashine kweli. Mwaka wangu, jina langu, Mama Bura na kanga yake mdomoni: dakika arobaini. Ni muda wa kupika ugali na mboga. Nilitupa fimbo nikamwendea, na yeye hakurudi nyuma, nadhani alitaka nimpige. Sikumpiga.

"Endelea," nilisema. "Hukutembea mpaka huku kunieleza hayo tu."

"Jana Amsi alijaribu tena. Zile hatua nne, kwa jina la yule binti aliyechukua nafasi yako. Safari hii kiini kilimkatalia, na daftari la mashine limeandika jaribio limetoka skrini ya famasi, kwa jina lake mwenyewe. Ninalo, nimelichapa." Akagusa mfuko wa sweta. "Mama, sikuwa najua ni yeye. Naapa. Nilijua tu kwamba huenda si wewe."

"Huenda?"

Akafumba macho. "Nilijua si wewe."

"Umemwambia Daktari?"

"Bado."

"Kwa nini bado?"

"Jumapili wananiaga kanisani. Nastaafu." Sauti ilishuka. "Nitamwambia kuhusu Amsi. Nitampa karatasi hii. Lakini mambo ya barua ile, na disketi zilifika lini, hayo tuyaache, mama. Amsi atafukuzwa, wewe utasafishwa, yatakwisha."

Nilimwelewa vizuri. Alikuwa anataka kunizibia kiraka juu juu, na chini tundu libaki.

"Hayatakwisha," nilisema. "Ukiwapelekea Amsi peke yake, watasema tulikuwa wawili, mimi na yeye, tukagombana. Watauliza kama jana alikataliwa, mwaka jana aliwezaje, na mimi nitakuwa palepale. Kinachonitoa ni kitu kimoja tu: kwamba mashine ilikuwa wazi na wewe ulijua."

"Wataniaga vipi kanisani wakijua hivyo?"

"Mimi waliniaga vipi?"

Nikaingia ndani, nikachana karatasi mbili katikati ya daftari, nikaleta kalamu na kibao cha kukunia nazi kilicho bapa chini, nikakigeuza, nikamwekea juu ya gogo. "Sasa kaa," nilisema. "Andika."

Mwandiko wake ulikuwa mzuri. Hata siku ile. Alianza na anwani ya Daktari, akapiga mstari chini ya kichwa cha habari kwa ukingo wa kiberiti ili unyooke. Akaandika kwamba mwezi fulani zilifika disketi mbili pamoja na barua. Akaandika kwamba barua ilisomwa mbele yake na karani, mimi, na kwamba karani alimkumbusha mara mbili.

"Mara tatu," nilisema.

Akakata, akaandika tatu.

Akaandika kwamba barua aliiacha mahali ambapo mtu yeyote angeweza kuisoma. Kwamba siku ya kikao barua na disketi zilikuwa kwenye droo iliyofungwa, ufunguo mfukoni mwake. Hapo nilikaa chini. Nilikuwa nimedhani karatasi ile iliibwa na Amsi. Kumbe aliificha mwenyewe asubuhi ile, kabla sijaitwa, aliposikia Matroni anatajataja mashine.

Kalamu ikasimama.

"Niandike nini sasa?"

"Daktari alikuuliza kama inawezekana. Andika ulichokuwa unajua."

"Naweza kuandika, sikuwa na hakika."

"Andika nilijua."

"Mama Paulina."

"Nilijua. Neno moja, Mzee."

Paulina alikuwa amekuja tena, amejishika kwenye goti lake, anainyooshea mkono miwani. Alimwacha aiguse. Machozi yalikuwa yanateremka kwenye mikunjo ya uso wake bila sauti yoyote, na nitasema ukweli: nilimwonea huruma, na huruma ile ilinikasirisha zaidi. Angenitukana ningeweza kumchukia kwa amani.

Aliandika. Akaweka sahihi, jina kamili, na tarehe. Akapuliza wino ukauke.

"Kesho asubuhi nitampelekea," alisema.

"Leo."

"Nimechoka kutembea, mama, nimetoka mbali."

"Nami nimechoka. Twende."

Nikamfunga Paulina mgongoni, maharage nikayaacha uani kuku wayale. Barua nikaishika mimi. Yeye akatangulia, nami nyuma yake nimwone vizuri. Kwenye kilima cha kanisa, aliposimama kupumua akasema bila kugeuka, "Utakuwa muuguzi mzuri." Nikamwambia atembee.

Wanawake wa kisimani walituona. Mama Bura alikuwa nao. Nikamwita kwa jina, nikamwambia atue ndoo yake aje pamoja nasi, kuna kitu Mzee atasema na ni haki yake akisikie. Akatua ndoo.

Hospitalini Daktari alikuwa ofisini bado, tuliona koti lake kwenye kioo cha mlango. Mzee aliinua mkono agonge. Ukabaki hewani, vidole vimekunjwa, karibu na mlango bila kuugusa. Nilihesabu pumzi zake tatu. Nne.

Nikagonga mimi.